Hadi Nusu Bei

Mtaani kwao walimwita Mama Matangazo, na jina hilo lilimkera kama jino bovu. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo katika duka kubwa la vyombo vya umeme, lile ambalo televisheni zake zinawaka dirishani mchana kutwa bila mtu wa kuzitazama. Sauti yake ndiyo iliyomponza. Ilikuwa nzito kidogo, tulivu, sauti ya mtu ambaye unaona kabisa hawezi kukudanganya. Akitaja feni, unasikia upepo.

Sauti hiyohiyo ndiyo iliyompatia kazi. Zamani alikuwa mkata tiketi katika kituo cha mabasi, na kipaza sauti cha kituo kilipokufa, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuwatangazia abiria. Siku moja meneja wa duka alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisubiri. Akamsikia akieleza kwamba basi limeharibika njiani na halijulikani litafika saa ngapi, na akashangaa kuona watu waliokwisha kunja ngumi wanarudi kwenye mabenchi yao taratibu, kama waliopewa habari njema. Meneja akajiambia kwamba mtu anayeweza kuwauzia watu ucheleweshaji hawezi kushindwa kuwauzia pasi. Haukupita muda, mkata tiketi akawa amevaa fulana ya duka.

Alisomea katika chumba kidogo cha nyuma, amebanwa kati ya maboksi ya majiko, maikrofoni mbele yake na karatasi ya maneno mkononi. Maneno hayakuwa yake; yalitoka makao makuu ya kampuni yakiwa yamekwisha pikwa. Mengine aliyasoma palepale yakasikika dukani. Mengine yalirekodiwa, yakarushwa redioni na kupelekwa mitaani na gari dogo la mizigo lenye spika juu ya paa. Karibuni wateja wetu, ofa kabambe, punguzo hadi nusu bei, friji bei kuanzia kiasi fulani, waranti ya miaka miwili, ofa ni ya muda mfupi, wahi sasa. Halafu mwishoni, kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu: vigezo na masharti kuzingatiwa. Hayo manne aliyabana mpaka yakawa neno moja. Alifundishwa hivyo, na aliyaweza kweli.

Shida ni kwamba akitoka kazini, matangazo yalimfuata nyumbani.

Jumapili moja alikuwa anafua uani, mikono imezama kwenye povu, mara jirani yake msusi akaingia bila hodi, amebeba boksi.

"Shoga, hebu niambie ukweli," msusi alisema. "Ulisema nikinunua blenda napata zawadi bure. Sasa ona zawadi yenyewe."

Akatoa kikombe cha plastiki chenye picha ya blenda.

"Ndiyo zawadi," Mama Matangazo alijibu, akiendelea kufua.

"Na blenda hii kule kwa yule wa sokoni ni rahisi zaidi. Nimeuliza."

"Basi hiyo tofauti ndiyo bei ya kikombe. Bure ya tangazo ni kitu ambacho umeshakilipia ila hujaonyeshwa wapi."

Msusi akakigeuza kikombe, akakitazama kwa chini kama vile ameuziwa mbuzi kwenye gunia. "Lakini ulivyolisema ile siku, mbona lilisikika kama bure ya kweli?"

Mama Matangazo alikamua shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Fundi cherehani wa barabarani alimsimamisha kila jioni. Leo atauliza kwa nini ile bei ya zamani inayokatwa kwa mstari mwekundu hakuwahi kuiona hata siku moja ilipokuwa haijakatwa. Kesho atataka kujua ni wataalamu gani hao waliopendekeza pasi, walikaa wapi, na waliambiwa wapendekeze kati ya pasi ngapi. "Sijui, kaka," alikuwa akimjibu. "Wameniandikia wataalamu, nimesoma wataalamu. Wangeandika malaika ningesoma malaika." Fundi cherehani alicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni, lakini yeye hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amechoka kuwa msemaji wa watu asiowajua. Alipomlalamikia mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba na mtu wa maneno machache, mume alimwambia tu, "Na mimi maji yakikatika wananiuliza mimi. Zoea."

Hakuzoea. Na lililomvunja nguvu kabisa lilitoka ndani ya nyumba yake.

Mama mkwe wake alikuwa mpishi wa hospitali, amestaafu baada ya kupikia wodi maisha yake yote. Alikuja kuishi nao alipobaki peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kuinua masufuria makubwa, asiyependa kukaa bila kazi wala kuletewa kitu mkononi. Na alijivunia mke wa mwanawe kupita kiasi. Gari la spika likipita, alizima redio, akafungua dirisha, akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo ni mkwe wangu," aliwaambia wapita njia, hata wasiomuuliza.

Nyumba yao haikuwa na friji. Maziwa yalichemshwa asubuhi na jioni, mboga zilinunuliwa za siku hiyohiyo, na joto likizidi, chakula cha mchana hakikufika usiku. Mama Matangazo aliwahi kulalamika kidogo tu, mara moja, akimwaga mchuzi uliochacha. Bibi huyo alimsikia, akaendelea na kazi yake. Kumbe alikuwa ana jambo moyoni. Alikuwa na akiba yake ya kustaafu, na aliamua kumnunulia mkwewe friji bila kumwambia, iwe zawadi.

Akaenda dukani siku ya kazi, mkwe amejifungia chumba cha nyuma anarekodi. Akamwambia muuzaji anataka friji ile ya bei kuanzia. Muuzaji, kijana mwenye tabasamu la kukodi, akampeleka kwenye kisanduku kinachofika magotini, cha kuwekea chupa za soda. Hiyo ndiyo iliyoanzia. Friji za watu wa kawaida, zenye mlango wa kimo cha mtu, bei zake zilikuwa zimeshatembea mbali sana na pale zilipoanzia. Bibi akaulizia basi zile za nusu bei. Akaonyeshwa feni iliyobonyea, iko peke yake kwenye kona. Hiyo ndiyo iliyofika nusu. Vingine vyote vilikuwa vimepungua kiduchu tu, njiani kuelekea huko.

Mtu mwingine angeondoka. Lakini kichwani mwake ilikuwa inalia ile sauti tulivu, na sauti hiyo haikuwahi kumdanganya hata kuhusu chumvi ya mboga. Muuzaji akamwambia ofa inaisha, akamwambia friji hii kubwa ina waranti ya miaka miwili, akamwambia anaweza kulipa kidogo kidogo bila riba. Bibi akatoa akiba yake iwe malipo ya kwanza, akatia sahihi.

Friji ilipofika, Mama Matangazo alisimama mlangoni asijue acheke au alie. "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Si wewe uliyenieleza?" mama mkwe alijibu, akiifuta friji kwa kanga yake mwenyewe. "Kila siku unanieleza hapo dirishani."

Usiku wa kwanza walikunywa maji baridi wote, na fundi bomba, ambaye hasifii kitu, alisema ni mazuri. Mambo yakaenda vizuri kwa muda. Halafu mpira wa mlango wa friji ukaanza kuachia. Mlango ukawa haufungi sawasawa, baridi ikawa inavuja jikoni, na mashine ikawa inaunguruma mchana na usiku bila kupumzika. Wakaweka kiti kuubana mlango. Kila aliyetaka maziwa akawa anasogeza kiti.

Mume akataka kuutengeneza kwa maji ya moto, kama alivyomwona fundi mmoja akifanya. Mama yake akamzuia. "Usiguse. Kuna waranti. Mkwe wangu ameitangaza." Akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda dukani.

Mama Matangazo alikuwa anamalizia tangazo la majiko aliposikia zogo. Alipotoka, alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kochi la maonyesho mbele ya televisheni zote, mkoba mapajani, ametulia kama yuko sebuleni kwake. Muuzaji mwenye tabasamu la kukodi alikuwa amesimama pembeni bila tabasamu.

"Ameambiwa waranti haihusu mpira," muuzaji alinong'ona. "Inahusu mashine tu. Hataki kuondoka."

Mama Matangazo alimkasirikia muuzaji. Akamkasirikia mama mkwe kwa kumwaibisha kazini, akaikasirikia hata friji. Alikaa kando ya bibi kwenye lile kochi.

"Mama, twende nyumbani. Tutazungumza."

"Tuzungumze hapahapa, mwanangu. Ulisema waranti ya miaka miwili?"

"Nilisema."

"Miaka miwili imepita?"

"Haijapita. Lakini waranti ni ahadi ya kutengeneza kile walichokitaja, mama, si kitu kizima. Wameandika mashine. Mpira hawakuuandika, wala taa, wala vile vioo vya ndani."

"Hilo ulilisema?"

"Nilisema vigezo na masharti kuzingatiwa. Maana yake yapo mambo mengine yameandikwa, na hayo ndiyo yanayotawala."

Bibi akafikiri. "Hilo sikulisikia."

"Nililisema haraka."

"Kwa nini ulilisema haraka?"

Hakukuwa na ubaya wowote katika swali lile. Bibi alitaka kujua tu, kama ambavyo angeuliza kwa nini wali umeungua. Televisheni zote zilikuwa zinaonyesha samaki wa rangi wakielea, na Mama Matangazo aliwakodolea macho samaki wale akitafuta jibu. Angeweza kusema ndivyo alivyofundishwa. Angeweza kusema muda wa tangazo ni mfupi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililotamkika mbele ya mwanamke aliyetoa akiba yake kwa ajili yake.

"Twende kwa meneja," akasema.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukimbizana na simu, na meza yake ilijaa chaja zilizorudishwa. Alimkaribisha bibi kiti, akamsikiliza, akasema mipira ya aina ile hata dukani haipo, na akieleza makao makuu wataleta barua na si mpira. Mama Matangazo akamuuliza kwa nini yale masharti yasisomwe polepole kama maneno mengine.

"Dada, redioni tunalipia muda," meneja alisema. "Tukisoma masharti yote, hatutabaki na nafasi ya kutaja jina la duka."

"Redioni sawa. Na humu dukani, kipaza sauti tunakilipia muda?"

Meneja akakuna kidevu. Simu ikaita, akaipokea, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nyumbani palifanyika baraza. Mume alisema anamjua fundi friji anayeweza kupata mpira unaofaa, ila akiung'oa tu mlango ule, kibandiko cha waranti kilichobandikwa kwenye bawaba kitachanika na hapo hakuna tena ahadi. Wote wakamwangalia bibi. Bibi akatazama kiti kilichobana mlango.

"Nimechoka kuomba ruhusa kwa kiti," akasema. "Mwite fundi."

Fundi akaja, mpira ukabadilishwa, friji ikafunga kwa mlio laini na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi jikoni pakawa kimya. Lakini Mama Matangazo hakutulia. Kila akilisoma lile neno la mwisho alijisikia kukohoa. Akawa anapata hasira dukani, hasira njiani, hasira kwa msusi aliyekuwa akinywea chai kwenye kile kikombe makusudi ili amwone.

Jumamosi duka lilifurika. Alipewa karatasi mpya: siku ya mwisho ya ofa, punguzo hadi nusu bei kwa bidhaa zote. Alikuwa ameshaisoma siku ya mwisho ya ofa hiyohiyo wiki iliyopita na wiki ya kabla yake. Akawasha maikrofoni, akasoma mstari wa kwanza, akasita. Kisha akaiweka karatasi juu ya boksi la jiko.

"Wateja wetu," alisema kwa sauti ileile ya kituo cha mabasi, "nimesema hadi nusu bei. Hadi maana yake ni mwisho wa safari, si safari yote. Kilichofika nusu bei ni feni moja ya kona ya kushoto, imebonyea lakini inazunguka. Vingine vimepungua kidogo, soma kibandiko. Nimesema bei kuanzia. Hiyo ni bei ya kile kidogo kuliko vyote, kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe hicho kwanza, halafu uulize bei ya unachokitaka wewe. Waranti ni ya mashine. Uliza kisichokuwemo kabla ya kulipa. Ukiambiwa bila riba, uliza kuna gharama gani nyingine, na ukichelewa kulipa itakuwaje. Na kama hujaelewa, usiharakishwe na mtu. Ofa hii huwa inarudi."

Akazima. Nje mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Wengine waliondoka, hilo halifichiki. Wengine walianza kugeuza vibandiko na kuwauliza wauzaji maswali, na mzee mmoja alikwenda moja kwa moja kona ya kushoto akaichukua ile feni iliyobonyea.

Meneja alifika chumba cha nyuma akihema. Hakupiga kelele. Alichukua maikrofoni, akaizungushia waya wake, akaiweka kwapani.

"Dada, wewe sasa utaniua," akasema. "Kuanzia Jumatatu kaa dawati la huduma kwa wateja. Kwa kuwa unapenda kueleza, eleza."

Alidhani anamwadhibu, na kwa kweli alikuwa anamwadhibu. Dawati lile lilikuwa karibu na mlango, ndipo kila mwenye kinyongo alipoanzia. Kutwa nzima alikuwa akirudia maneno yaleyale. Huyu ameona toleo maalumu, anadhani limetengenezwa vizuri zaidi; hapana, baba, limebadilishwa rangi. Huyu ameona yule mcheza mpira kwenye bango ameshika simu, anadhani ndiyo anayoitumia. Mama, huyo analipwa kuishika, wanamwita balozi wa bidhaa, na mimi sijui nyumbani kwake anatumia ipi. Huyu amekuja kwa ajili ya televisheni ya bei chee iliyotangazwa, ameambiwa imekwisha ila kuna hii nyingine ghali zaidi. Hicho, kaka, ni chambo, na wewe hujavuliwa bado, rudi nyumbani ukafikiri. Jioni sauti yake ilikuwa imekwaruza na kichwa kinamgonga. Angalau zamani alikuwa akisumbuliwa akiwa amekwisha toka kazini.

Polepole watu wakaanza kupita kwake kabla ya kununua badala ya baada. Walioleta vitu kurudisha wakapungua, na ile meza ya meneja ikaanza kuonekana mbao zake. Meneja hakumwambia kwamba alikuwa amefanya vizuri. Alimletea kiti chenye mto.

Lakini lile gari la spika liliendelea kuzunguka na sauti yake ya zamani. Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Alikuwa anaweza kukaa sebuleni anamweleza msusi maana ya hadi, na dirishani ikapita sauti yake mwenyewe ikisema kinyume, tamu, bila haya, ikimalizia na lile neno la kumezwa. Fundi cherehani alimuuliza wamwamini nani kati ya hao wawili. Siku hiyo hakwenda nyumbani. Aligeuza njia, akarudi dukani, akamkuta meneja anafunga ofisi.

"Ama tunarekodi upya, ama mnatafuta sauti nyingine iwe kwenye gari," akamwambia. "Siwezi kubishana na mimi mwenyewe mtaani."

Meneja akahesabu hasara na usumbufu kichwani, akafungua tena mlango.

Walirekodi kesho yake mchana. Mama mkwe aliombwa aje kusikiliza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mteja aliyeumia, na aliifanya kazi hiyo bila huruma. Alikaa kati ya maboksi, mkoba mapajani, na kila mkwewe alipofika mwisho alisema, "Hapo kwenye waranti sijaelewa. Rudia." Akarudia. "Sasa nimeelewa, lakini umekasirika. Rudia bila hasira." Meneja alitoka mara mbili kwenda kunywa maji. Walipomaliza, masharti yalikuwa yanasikika kila neno peke yake, kwa mwendo uleule wa maneno mengine.

Dereva wa gari la spika alilalamika wiki nzima. Tangazo limekuwa refu, alisema, akianza mwanzo wa mtaa anafika mwisho wa mtaa hata waranti hajaifikia, inabidi atembeze gari kama la kubeba mayai. Mama Matangazo alimwambia aendeshe polepole basi. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa anasubiri dawatini na kikaratasi cha ofa mkononi, akashusha pumzi ndefu, akamsogezea kiti.